Safari ya Mama Kamene

"Nataka kwenda kwa baba yako," Kamene alisema.

Ilikuwa Jumanne, siku yake ya mashine ya kusafisha damu, na siku hizo hurudi nyumbani hana nguvu hata ya kufungua kitambaa cha kichwa. Muteti, mwanawe wa pekee, alikuwa amepiga magoti akimvua soksi. Aliacha soksi moja ikining'inia. Baba yake alikufa yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgonjwa akisema anataka kwenda kwa marehemu, kila mtu anajua anasema nini.

"Mwaitu, mama yangu, usiseme hivyo. Utapona."

"Nani amesema nakufa? Nasema nataka kwenda kule alizikwa. Nione kaburi na hii macho yangu. Mgonjwa ni figo, Muteti, si akili."

Waceke, mke wa Muteti, alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. Mwanamume na mkewe wakatazamana. Kaburi la Ndeti, mume wa Kamene, halikuwa Makueni kwenye shamba la ukoo, wala halikuwa makaburi ya Lang'ata. Lilikuwa Sibiloi, mbuga iliyo kaskazini kabisa, kando ya Ziwa Turkana, mahali ambapo watu wengi wa Kitengela wangeulizwa ni wapi wangenyoosha kidole juu na kunyamaza. Ndeti, kama vijana wengi wa Ukambani wa siku zake, aliandikwa kazi na watafiti kutafuta mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Homa ilimshika wakati lori la kambi limeharibika. Joto la kule halingoji jeneza, kwa hiyo wenzake wakamzika palepale, mteremko wa nyuma ya kambi, wakarundika mawe na kusimamisha msalaba wa chuma. Kamene aliletewa habari mazishi yakiwa yamekwisha kitambo, pamoja na sanduku la nguo. Mtu aliyekula jasho lake kwa kuokota mifupa ya wasiojulikana, ya kwake iliachwa hukohuko.

"Ni mbali, Mama," Waceke alisema kwa upole.

"Mama Cate, najua ni mbali. Kama ingekuwa karibu ningekuwa nimeenda na miguu."

Muteti alimalizia soksi ile ya pili. Alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na karakana yake kando ya barabara ya Namanga ilimpa ugali na karo ya binti yake Cate, basi. Angeweza kusema hapana. Lakini mama yake hakuwa amemwomba kitu tangu alipoanza kuugua, hata dawa alikuwa akiletewa bila kuuliza, na ombi moja la mtu wa namna hiyo huwa zito kuliko mia za mlalamishi.

"Nitauliza," alisema.

*

Ijumaa aliuliza. Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na vitanda vya mashine vilikuwa vichache kuliko watu waliovihitaji. Kila mgonjwa alikuwa na siku zake, na aliyekosa bila sababu alijikuta mwingine amelala mahali pake. Kamene alikuwa na Jumanne na Ijumaa. Muuguzi aliyemhudumia, Jentrix, alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyewaita wagonjwa wote "mpenzi wangu," wazee kwa vijana.

"Kutoka leo mpaka Jumanne," alimwambia Muteti kwenye ngazi. "Hapo ndio mwisho. Akipitisha, maji inajaa kwa mapafu, na hiyo kifo si nzuri. Nimeiona."

"Kwa hivyo nikimtoa Ijumaa, nimrudishe kabla ya Jumanne, anaweza?"

"Mimi sijasema aende."

"Lakini anaweza?"

Jentrix alitazama ngazi, juu na chini. "Asikunywe maji mingi. Asiguse ndizi wala machungwa. Na hiyo gari itulie, si kuruka kama mbuzi." Akapanda zake, kisha akasimama. "Angekuwa wangu, ningetafuta gari."

Kesho yake Muteti alishuka Kajiado, kwenye soko la mifugo, kumtafuta Parmuat. Parmuat alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Aliwafuata mpaka Marsabit na hata North Horr, akawaleta kusini kwa pikapu yake ya Land Cruiser, ambayo Muteti mwenyewe ndiye aliyeichomelea vyuma vya kuzuia mifugo. Alimkuta ameegemea vyuma hivyo akibishana na mtu juu ya meno ya mbuzi.

"Supa, Muteti."

"Ipa. Niko na shida ya barabara."

Parmuat alisikiliza yote bila kukatiza. Alipoulizwa kama gari lake lingefika, alicheka kicheko kifupi.

"Itafika. Lakini si peke yake. Kule gari moja ni kaburi. Unaenda na mbili. Moja ikilala, ingine inaivuta. Ndugu yangu ako na ingine kama hii, nitamwambia."

"Na siku ngapi?"

"Tunatoka Ijumaa mchana, mama akishuka tu kwa mashine. Tunalala Marsabit. Jumamosi tukiamka mapema, jioni tuko huko. Jumapili asubuhi anaona mzee wake, tunageuza. Jumatatu usiku ako kwa kitanda yake. Mama tunamwekea godoro nyuma, na turubai juu. Si starehe, lakini itafika. Ikinyesha hatutoki. Mvua ya kule hata punda haitoki."

"Na wewe nikulipe nini?"

"Mimi nilikula kwa huyu mama nikikuja kuchomea gari. Nunua mafuta ya gari mbili na spea ya matairi. Basi."

Muteti alirudi Kitengela akiwa na furaha ambayo hakuwa ameisikia mwaka mzima. Safari ilikuwa inawezekana. Ilikuwa nyembamba, lakini inawezekana. Kilichopungua ni mafuta tu, kwa maana mafuta ya magari mawili hadi Sibiloi na kurudi yalikuwa mengi kuliko milango yote aliyokuwa amechomelea msimu huo. Na hapo ndipo alipofanya kosa. Alimwambia Waceke waombe msaada kwa kaka yake.

*

Wahome alikuwa kaka mkubwa wa Waceke, na baba yao alipofariki yeye ndiye aliyekalia kiti cha mzee. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, lakini watu wa mtaa walimjua zaidi kama mwenyekiti. Mwenyekiti wa nini? Wa chochote. Alikuwa amesimamia arusi na mazishi mengi kiasi kwamba ukimwona amevaa koti siku ya kazi unauliza ni nani amekufa.

"Hiyo ni kitu kidogo," alimwambia Muteti. "Nimefurahi umekuja kwangu. Mama ni wetu sote."

Kabla ya jua kuzama alikuwa amefungua kundi la WhatsApp, jina lake Safari ya Mama Kamene, na kuingiza watu wa kanisa, majirani, watu wa chama na hata wateja wake wa saruji. Michango ilianza kuingia. Muteti alikuwa akitazama simu na machozi yanamlengalenga, kwa shukrani. Hakujua kwamba kila aliyetoa alikuwa anauliza kando, "Mimi nitakaa kiti gani?" Sibiloi! Ziwa! Watu walikuwa wamechoka na vumbi la malori ya simenti, na hapa palikuwa na safari yenye baraka ndani yake. Nani huchangia safari asiyokwenda?

Mkutano wa kamati ulifanyika nyumbani kwa Muteti, Jumapili ya juma lililofuata, baada ya ibada. Viti havikutosha, wengine wakaketi kwenye mikono ya kochi. Waceke alipita na birika. Kamene alikuwa kiti cha kona, shuka magotini, amevalia kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Parmuat naye alifika, na shuka yake na fimbo, akamwinamia kwanza mama na kumsalimu kwa Kimaasai.

"Yeyo, takwenya."

"Iko," Kamene akajibu kwa lugha hiyohiyo, akatabasamu.

Wahome alifungua kwa maombi. Kisha akatoa kwenye mfuko tisheti nyeupe na kuikunjua. Ilikuwa na picha ya Kamene kifuani, ile aliyopigwa siku ya ubatizo wa Cate, na maandishi ya duara juu yake. Watu wakapiga makofi. Kamene aliitazama sana.

"Ni kama nimekufa," alisema.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha.

"Sasa, gari," Wahome aliendelea. "Kuna hii mambo ya pikapu. Nimekaa chini nikaona haiwezi. Watu wa kwenda ni wengi. Binamu yangu ako na gari ya abiria, safi, ndio hubeba maharusi. Tumemlipa kidogo tu."

"Na gari ya pili?" Parmuat aliuliza.

"Ya pili ya nini? Tunatosha."

"Hiyo gari haitafika, mzee. Iko chini. Mchanga itaimeza."

"Bwana Parmuat," Wahome alisema, akiwageukia watu badala yake, "tunashukuru. Lakini sisi si ng'ombe, tubebwe nyuma ya pikapu tukipigwa na jua."

Chumba kizima kilicheka. Waceke hakucheka, alimwaga chai kwenye sahani ya kikombe cha kaka yake na hakuipangusa. Parmuat alimaliza chai yake taratibu, akaweka kikombe chini, akasimama. "Muteti, mimi niko," alisema, akatoka. Muteti alitaka kumfuata mpaka langoni, kama heshima inavyotaka, lakini Wahome alikuwa bado anazungumza.

Ilikuwa hivi: siku nne ni mbio za polisi na mwizi. Watu wametoa pesa zao, hawawezi kupelekwa kama barua. Watalala Isiolo. Watasimama Samburu waone tembo. Marsabit kuna kanisa limekubali kuwapokea. Kwa jumla, juma moja, na Mungu akipenda watarudi na ushuhuda.

"Na mashine yangu?" Kamene aliuliza.

Wahome alivua miwani yake, na akasema kwa sauti ile ya chini aliyokuwa akiitumia makaburini.

"Mama, hiyo ndio tumeombea sana. Daktari amesema hauwezi kupita siku nne. Sisi nani tushindane na daktari? Kwa hivyo kamati imeonelea wewe ubaki upumzike. Sisi tutaenda kwa niaba yako. Tutaweka maua, tutaimba, tutakupigia video."

Husemwa asiyekuwapo na lake halipo. Kamene alikuwapo, ameketi hapo kwenye kona ya nyumba ya mwanawe, picha yake imetandazwa juu ya meza, na lake halikuwapo. Macho yote yalimgeukia Muteti. Neno lilikuwa lake. Angesema tu: mwenye safari ni mama, rudisheni pesa za watu, mimi nitaenda na Parmuat hata nikauze mashine yangu ya kuchomelea.

Lakini Muteti hakuwa amemaliza mahari. Mbuzi wa kwanza walikuwa wamepelekwa, na sehemu ya pili, halafu ugonjwa ukaingia nyumbani na kila kilichopatikana kikaenda hospitali. Wahome hakuwa amemdai hata siku moja. Wala hakuhitaji. Mwanamume mwenye mbuzi wa watu shingoni hamkatizi shemeji yake mbele ya wazee, hasa shemeji anayesimama mahali pa baba mkwe, hasa siku shemeji huyo anapomsaidia. Muteti alitazama kitambaa cha meza.

"Ni sawa," alisema.

Kamene hakulia. Alikunja shuka magotini, akaikunjua tena.

"Basi mniletee udongo," alisema. "Wa juu ya kaburi. Siku yangu ikifika mnimwagie hapa kifuani, tulale pamoja."

"Amina," Wahome akasema, na akaandika.

Waceke alimfuata kaka yake mpaka kwenye gari. "Wahome, hii safari ni ya nani?"

"Ni ya mama mkwe wako. Mbona unauliza kama mtoto?"

"Sasa mbona yeye ndio hana kiti?"

"Wewe ulitoa ngapi?" Wahome aliuliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa. Waceke akarudi ndani kuosha vikombe.

*

Waliondoka Jumatano na nyimbo. Kamene aliletwa mpaka langoni na kiti. Alimpa Muteti mkebe wa kakao, ameusugua ndani na majivu mpaka ukang'aa.

"Ukifika umwambie ni wewe. Hakuwahi kukuona ukitembea."

Siku zilizofuata Waceke hakufungua kibanda chake cha nafaka. Alimpeleka mama mkwe wake kwenye mashine Ijumaa, akaketi kando ya kitanda, na Kamene akamweleza Jentrix, na mgonjwa wa kitanda cha pili, na mtu aliyekuja kupiga deki, kwamba mwanawe yuko njiani kumwona baba yake. Alikuwa mchangamfu kama msichana. Picha zilifika kwenye simu: watu wa tisheti nyeupe Isiolo, watu wa tisheti nyeupe mbele ya tembo aliye mbali sana. Halafu simu zikanyamaza.

"Ni network," Waceke alisema.

"Hapana. Ni kwamba wamefika," Kamene akamjibu.

Hawakuwa wamefika. Walikuwa wamepita Marsabit kidogo tu wakati mvua iliponyesha, ile mvua ambayo punda hukaa nyumbani kwa ajili yake. Barabara iligeuka uji. Gari la maharusi lilizama upande mmoja, wakashuka na kulisukuma wakiimba, likatoka, likazama tena, na mara hii ekseli ikavunjika na sauti kama ya mti. Hakukuwa na gari la pili la kuwavuta. Walilala humo ndani, na tisheti zote zikawa rangi moja na tope. Mchana wa siku ya pili lori la mifugo likitoka North Horr liliwakuta. Dereva wake alishuka akawazunguka mara moja.

"Gari yenu ingine iko wapi?" aliuliza.

Aliwavuta mpaka Marsabit, na walichobakiwa nacho kikaenda kwa ekseli na kwa fundi. Muteti alitaka kuendelea peke yake. Alizunguka stendi akiuliza magari ya North Horr, akaambiwa barabara imefungwa mpaka ikauke, labda juma, labda zaidi. Wahome alimkuta ameketi juu ya tairi bovu.

"Rudi tulale, shemeji."

"Nitamwambia nini mama?"

Wahome aliketi karibu naye. Tusimwonee: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, alikuwa amesukuma gari kuliko vijana, na alikuwa na aibu ambayo hakujua aiweke wapi.

"Yule ni mwanamke mgonjwa," alisema. "Anataka amani. Utampa amani ama utampa hadithi ya ekseli? Udongo ni udongo, Muteti. Wote Mungu aliumba."

Nyuma ya lojing'i walimolala palikuwa na ua wenye kamba za kuanikia nguo. Wahome alivua kofia, akainama, akachota kwa mikono miwili. Muteti alishika mkebe. Aliushika vizuri usimwagike, na kitendo hicho cha kuushika vizuri ndicho kilichomchoma baadaye kuliko uongo wenyewe.

*

Jumatano iliyofuata nyumba ilijaa. Kamene alikuwa ametoka kwenye mashine jana yake na bado alikataa kulala. Aliupokea mkebe kwa mikono miwili, akaufungua, akaangalia ndani muda mrefu. Muteti aliomba ardhi ipasuke.

"Ulimpata?"

"Nilimpata."

"Mawe iko?"

"Iko."

"Na msalaba?"

"Imeshika kutu. Lakini imesimama." Alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa mepesi, yakija yenyewe, moja likimwita jingine.

"Ulimwambia nini?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Wahome alikuwa mlangoni, kichwa chini.

"Nilimwambia mimi ndio Muteti," alisema. "Nikamwambia najua kutembea. Niko na msichana ako form two. Nachomea milango, watu wanasema ni nzuri. Nikamwambia wewe hukuolewa tena, ulinilea peke yako. Nikamwambia…" Akalia kwelikweli, mbele ya watu, kwa sababu yote hayo aliyataka kuyasema na hakuwa ameyasema popote. Mtu akaanzisha wimbo. Kamene alimvuta kichwa akakiweka magotini, juu ya shuka, kando ya mkebe.

Alikula vizuri jioni hiyo. Alhamisi asubuhi aliomba kuogeshwa na kupakwa mafuta, akakaa juani, akamwita Waceke na Muteti.

"Kesho sitaenda," alisema.

"Kwenda wapi, Mama?"

"Kwa mashine. Wampatie mwenye anaitaka. Mimi nilikuwa nalala kwa ile kitanda nikisema, wacha nivumilie, niende nimwone, nirudi. Hiyo ndio ilikuwa inanishikilia. Sasa tumeonana. Nimechoka, wanangu. Sindano zile zote… Wacha nipumzike."

Waceke alilia, akamwomba, akamtajia Cate. Kamene alimpapasa mkono na hakubadilisha neno. Alikuwa ametulia, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko kilio. Wahome alipopigiwa simu alisema uamuzi wa mzazi uheshimiwe, na kwamba wasiwe na wasiwasi, kamati bado ipo.

Muteti alikwenda karakana akawasha mashine, akazima. Alikuwa na jambo moyoni ambalo aliogopa hata Mungu kuliona. Kulikuwa na sehemu yake iliyokuwa imepumua. Hakuna tena Jumanne na Ijumaa, hakuna ngazi za kumbeba mama mgongoni, hakuna kuanza mwezi na deni la dawa. Na mama angekwenda akiwa na furaha, mkono kwenye mkebe wake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa anakujua. Alikuwa amenyamaza kwenye kamati, akanyamaza Marsabit. Mara ya tatu ingemtoka bila jasho.

Ijumaa saa ya kwenda mashine, Waceke alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa hospitali begani, ingawa hakuna aliyemwambia auchukue. Kamene alikuwa kitandani, ameegemea mto, mkebe upande wa ukuta. Muteti aliingia akaketi sakafuni.

"Mwaitu, hatukufika."

Kamene alimwangalia.

"Gari ilivunjika baada ya Marsabit. Sikuona kaburi. Sikuona hata hiyo ziwa. Yale nilikuambia, ya msalaba, ilikuwa uongo. Hii udongo ni ya nyuma ya lojing'i. Nilishika mkebe mimi mwenyewe."

Waceke alijifunika mdomo. Nje mwenye gari aliyezoea kuwapeleka kliniki alipiga honi, mara moja, kwa adabu. Uso wa Kamene ulikuwa umejifunga kabisa, na Muteti akangoja alaaniwe, na angeipokea laana hiyo kwa mikono miwili. Mama yake aliuchukua mkebe, akaufunika vizuri, akamnyooshea Waceke bila kumtazama mwanawe.

"Kamwage," alisema. "Halafu umpigie Parmuat simu. Mimi nitaongea na yeye mwenyewe."

"Mama…"

"Mwambie ni gari mbili." Alishusha miguu chini, mmoja, kisha mwingine, imevimba mpaka vifundo havionekani. Muteti aliinuka kumshika mkono, mama akausukuma.

"Wewe wacha," alisema. "Mama Cate, niletee viatu. Tutachelewa mashine."